Lugha Isiyo na Wenyewe

Mama Dancille anasema Jephté alijitakia. Anasema alimwona kwa macho yake mawili, asubuhi, alipokuwa anarudi kutoka Lac Vert kumpelekea binti yake unga kwenye kambi ya wakimbizi. Kijana anatembea katikati ya barabara ya Sake, amevaa gunia, mfuko begani, anaongea na hewa. Anauliza, anajijibu. Mara anapaza sauti kama mhubiri wa kanisa la hema, mara anaishusha kama mtu anayebembeleza mtoto. Hata wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ambao hawampishi mtu, walikuwa wanampisha. Na alipofika kwenye bariere, kile kizuizi cha barabarani, anasema mama Dancille, vijana wenye bunduki walimsalimia vizuri, kwa Kiswahili kizuri, wakamuuliza anatoka wapi. Naye akasimama, akapiga kifua, akawajibu kwa ile lugha. Wakamuuliza tena. Akajibu tena kwa ile lugha na akacheka. Mara ya tatu hakukuwa na mtu wa kucheka. Wakamshika mkono, anasema, wakamwingiza kwenye kile kibanda cha mabati nyuma ya mifuko ya mchanga, polepole, kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni.

"Hawakumupiga sana," alisema mama Dancille, akishusha beseni lake la sambaza, samaki wadogo wa ziwa, juu ya meza.

Olive alikuwa amesimama upande wa pili wa meza hiyohiyo, pale sokoni Kituku, mikono yake ikiwa bado na magamba ya samaki. Alimjua mama Dancille tangu mwaka wa kwanza wa kukimbia Kibati. Alikuwa mtu wa kuongeza chumvi kwenye habari na kuipunguza kwenye mboga. Kwa hiyo Olive aliyasikiliza maneno yake yote, akayapanga, akabaki na moja: sana. Hawakumpiga sana. Kama angekuwa hajapigwa, mama Dancille angesema amepigwa; safari hii alikuwa anapunguza.

"Na weye mama, ulifanya nini?"

"Miye? Nilikuwa na mufuko mutupu kwa kichwa."

"Haukuambia bale bijana kama unamujua?"

Mama Dancille alianza kupanga samaki wake mafungu mafungu, na hakuinua macho. "Olive, mutoto wangu, pale kwa bariere mutu hajuane na mutu."

Jephté alikuwa mdogo wake Olive, na ndiye pekee aliyebaki naye. Baba yao alikuwa mtu wa Butembo aliyekuja kufanya biashara ya maharagwe akaoa binti wa milima ya Masisi, na wote wawili walizikwa Kibati, kila mmoja kwa vita vyake. Watu walipowauliza watoto hao kabila lao, Jephté alikuwa anajibu, "Sisi ni ba barabarani," na watu wanacheka. Olive hakuwahi kucheka sana.

Ile lugha ilikuwa ya Olive. Yaani, ilikuwa ya filamu, lakini aliyeitunga ni yeye.

Mambo yalianza kwa Barthélemy, jirani yao wa Keshero aliyekuwa akipiga picha za harusi. Vita vilipokaribia, harusi zikapungua, na Barthélemy akakaa na kamera yake kama mtu mwenye jembe bila shamba. Ndipo akaingiwa na wazo la kutengeneza filamu ya vipindi vingi, ya kuonyeshwa kwenye televisheni ya mjini. Habari za watu wanaoishi chini ya mlima wa moto. Watu hao wanapanda juu kupitia nyufa za mawe, usiku wa kukimbia, na kuchukua watoto waliopoteana na wazazi wao barabarani. Wanawashusha mpaka kwenye mlango wa chini. Pale kuna mlinzi. Mlinzi anauliza kila mtoto swali moja: "Elgo vri?" Mtoto wa nani? Mtoto hawezi kujibu, kwa sababu hajui lugha. Lazima mmoja wa watu wa chini atoke kwenye kundi, amshike mtoto kichwani, na aseme: "Omshe." Wetu. Akisema hivyo, mtoto anaingia, anapewa chakula, anaishi. Asipopatikana wa kusema, mlango unafungwa na mtoto anabaki nje gizani.

Jephté ndiye aliyekuwa mlinzi wa mlango. Alikuwa na sauti ya kazi hiyo.

"Sasa ile luga," Barthélemy alimwambia Olive siku ile ya kwanza, "isifanane na ya mutu yeyote. Unanisikia? Hawa ni batu banaochukua batoto. Nikibaweka banasema Kinande, ba Butembo banakuja kuvunja nyumba yangu. Nikiweka Kihunde, banavunja. Nikiweka Kinyarwanda, banaanza kuvunja mbele filme haijaisha."

"Basi weka Kiswahili."

"Goma yote itakuja kunivunjia nyumba."

Alimchagua Olive kwa sababu alikuwa mtu wa kusikiliza. Kituku watu wa kila upande wanashuka kununua samaki, na Olive alikuwa anamuuzia kila mmoja kwa maneno ya kwao. Shuleni aliishia darasa la sita, mwaka ambao shule yenyewe iligeuka makao ya wakimbizi, lakini masikio hayakuacha kwenda shule. Maneno ya watu wa chini hakuyatoa kwenye lugha yoyote. Aliyatoa kwenye vitu: sambaza zinavyolia zikiingia kwenye mafuta, jiwe la volkano linavyosagika chini ya kiatu, bidoni ya kuchotea maji inavyoongea maji yakikaribia shingo yake. Aliyaweka mdomoni, akayageuza, akayalainisha, mpaka yakawa maneno.

Kisha aliyapeleka kuonjwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi hasa, na ilifanyika juu ya meza ya samaki. Waonjaji walikuwa watatu. Mama Dancille alionja kwa ajili ya milima ya Masisi, kwa sababu wazazi wake walikuwa wachungaji wa ng'ombe na alizijua lugha za majirani wote wa malisho. Mama Kasoki, muuza vitunguu, alionja kwa ajili ya Butembo na Beni na barabara yote ya wafanyabiashara. Muzee Éphraïm, fundi wa mitumbwi, alionja kwa ajili ya Wahunde na watu wa ziwa. Olive alisema neno, wao wanalirudia, wanalitafuna. Likiwa na maana kwa mmoja wao, linatupwa. Neno lake la kwanza kabisa mama Dancille alilicheka mpaka akashika meza: kwao lilikuwa ugonjwa wa kwato. Lakini likiwa halina maana kwa yeyote, kila mmoja anapiga kiganja juu ya meza yenye maji na kusema, "Haiko yetu." Mara tatu, viganja vitatu. Hapo neno linaingia katika lugha.

Walikuwa wanaipenda kazi hiyo. Wanunuzi walikuwa wanasubiri. Siku ya neno "omshe", mama Dancille alikaa nalo muda mrefu, akalirudia kwa sauti ya chini mara kadhaa.

"Hii ni neno ya kumwambia ndama," alisema. "Ndama yenye mama yake imekufa."

"Iko yenu?" Olive aliuliza, tayari kulitupa.

Mama Dancille akatikisa kichwa, kama mtu anayerudisha kitu alichotamani kubaki nacho, akapiga kiganja. "Haiko yetu."

Na kulikuwa na sheria ya Barthélemy. Siku ya kupiga filamu, waigizaji wote waongee lugha ya chini tangu wanapoamka mpaka kamera inapozimwa, ili ndimi zizoee. Anayechanganya Kiswahili anawanunulia wenzake soda. Jephté alikuwa hajawahi kununua soda.

Siku ile walipanga kupiga filamu Lac Vert, kwenye lile ziwa dogo la kijani lililozama ndani ya shimo lake, ambalo lingekuwa mlango wa chini. Jephté aliamka mapema, akamuuliza dada yake, "Elgo vri?" akichomoa kiazi kwenye sufuria, Olive akamjibu, "Omshe, lakini uache kingine," na akatoka.

Sasa, baada ya habari ya mama Dancille, Olive aliacha samaki wake mezani na kukimbia mpaka kwa Barthélemy. Alikuta kufuli. Mama wa nyumba ya pili alimwambia Barthélemy alisikia mabomu ya alfajiri yameanguka karibu kuliko ya jana, akafunga kamera na kompyuta ndani ya godoro, akapanda boti ya kwanza ya Bukavu. Telefone yake haikuita. Jephté alikuwa amekwenda kupiga filamu na mtu aliyekwishavuka ziwa.

Basi akaenda bariere peke yake.

Pesa alizokuwa nazo aliwapa vijana wa kwanza, na wakazipokea, na mmoja wao akamwambia bila ubaya, "Mama, hii haiko kesi ya kununulia mutu soda. Ongea na komanda."

Komanda alikuwa ameketi kwenye meza ya shule, nje, chini ya turubai. Hakuwa na uso wa kutisha. Alikuwa anapukuchua mahindi ya kuchoma punje moja moja, na sauti yake ilikuwa ya mwalimu wa katekisimu.

"Yule ni mudogo wako?"

"Ndiyo, mukubwa. Nilimulea miye."

"Luga yake ni gani?"

"Kiswahili, mukubwa. Na Kifaransa kidogo cha masomo."

"Ile ingine."

"Ile ni ya filme. Niliitunga miye."

"Weye."

"Miye, mukubwa."

Komanda aliweka hindi chini. "Ulisomea wapi kutunga luga?"

"Sikusoma. Darasa la sita."

Vijana walicheka. Komanda hakucheka, na hilo ndilo lililomtia Olive baridi, kwa sababu alitamani sana achekwe. Mtu anayechekwa anarudishwa nyumbani.

"Filme iko wapi?"

"Iko na mutu wa kamera."

"Na mutu wa kamera?"

"Alienda Bukavu. Leo asubuhi."

"Leo," komanda alirudia. Alifikiri kidogo. Kisha akafanya jambo la haki. Hata baadaye Olive hakuweza kusema halikuwa la haki. Alimwambia Olive ageuke aangalie barabara. Akaagiza Jephté atolewe, asimamishwe nyuma ya kibanda. Kijana mmoja akawa anakwenda huku na huku. Anamnong'oneza Olive: maji unaitaje? Anakwenda kwa Jephté: maji unaitaje? Moto. Mama. Jiwe. Njaa. Kufunga mlango. Olive alinong'ona majibu haraka, kwa moyo wote, akifikiri kila neno ni hatua moja ya mdogo wake kuelekea nyumbani. Na sauti ya Jephté ilikuwa inatoka nyuma ya mabati, nzito, kama ya mtu mwenye kitu mdomoni, na kila mara ilisema neno lilelile alilokwisha kulisema yeye.

Kijana aliacha kutabasamu kabla ya maswali kwisha.

"Geuka," alisema komanda. "Nilitaka kukuamini. Mutu mumoja akipayuka, anapayuka. Lakini batu babili, kila mumoja upande wake, banaita kitu kimoja jina moja. Ile haiko muchezo. Ile ni luga. Na luga iko na benyewe. Benyewe ni nani?"

"Haina benyewe, mukubwa. Tuliifanya makusudi isikuwe na benyewe."

"Makusudi."

"Ndiyo."

"Kwa nini mutu afanye makusudi luga ambayo hakuna mutu hapa anaisikia?"

Olive alifungua mdomo. Alikuwa na jibu, alikuwa na majibu mengi, ya harusi zilizopungua na nyumba ya Barthélemy itakayovunjwa. Aliyatazama yote na kuona kwamba kila moja, likitoka hapa, mbele ya meza hii, lingekuwa kamba nyingine shingoni mwa Jephté.

"Lori inakuja muchana kubeba bale tulioshika," alisema komanda, akichukua tena hindi lake. "Ulete mutu wa kusema hii ni luga ya nani."

Lori hilo watu wa Keshero walilijua. Lilikuwa linapanda kuelekea milimani limejaa na kushuka likiwa tupu.

Alikuta waonjaji wake wote watatu mezani, kwa sababu mama Dancille alikwishasimulia habari ile kwa kila aliyenunua samaki. Olive hakuketi. Alisema, "Njooni tu museme kweli. Museme tulivyofanya. Kwamba haiko ya mutu."

Mama Kasoki alifunga vitunguu vyake kwa kitenge, akavifungua, akavifunga tena. "Kusema kweli haina matata," alisema mwishowe, zaidi kwa nafsi yake. Muzee Éphraïm aliosha lami mikononi kwa mafuta, haikutoka, akaja hivyohivyo. Mama Dancille alikuwa wa kwanza barabarani.

Njiani muzee alijaribu kuwachangamsha. "Nimeshaitwa shahidi wa ndoa, nimeitwa shahidi wa mupaka wa shamba. Mara moja nilikuwa shahidi wa mbuzi. Wa luga, bado."

"Na ile mbuzi, ilishinda?" aliuliza mama Dancille.

"Ililiwa mbele hukumu haijatoka."

Mama Kasoki alimwambia anyamaze. Upande wa Sake kitu kilikuwa kinaunguruma, na hakikuwa mvua.

Kwenye bariere walionyesha karte zao za utambulisho. Kijana mwenye kalamu aliandika majina yao na wanakotoka. Komanda aliwapa heshima, akampa muzee kiti, akaamuru Jephté aletwe.

Ndipo Olive akamwona. Jicho moja lilikuwa limefumba na mdomo umepasuka pembeni. Mikono ilikuwa imefungwa mbele kwa kamba ya plastiki, ile ya kufungia bidoni. Alikuwa bado amevaa vazi la mlinzi wa mlango, gunia lililobandikwa vipande vya mawe meusi ambavyo Olive mwenyewe alivibandika kimoja kimoja, na vingi vilikuwa vimebanduka.

"Sema ile kitu yako," komanda alimwambia.

Jephté alimtazama dada yake. Olive akatikisa kichwa kidogo kumwambia ndiyo.

"Elgo vri," alisema Jephté. Haikuwa tena sauti ya kazi.

"Mama, weye ni mutu wa Butembo. Hii ni luga ya kwenu?"

Mama Kasoki alisema, "Haiko yetu, mukubwa."

"Muzee?"

Muzee Éphraïm alivua kofia. "Haiko yetu."

"Mama wa Masisi?"

Na mama Dancille, ambaye kwa miezi alikuwa amelionja kila neno kwa uaminifu, alisogea mbele, akanyoosha mkono, na kwa mazoea akapiga kiganja juu ya meza ya komanda. Kikalia kama kule Kituku. "Haiko yetu," alisema, kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi yake sawasawa.

Olive alihesabu. Mara tatu. Kama kawaida, neno lilikuwa limeingia.

"Asante," alisema komanda, na alimaanisha. "Haiko ya barabara ya Butembo. Haiko ya ziwa. Haiko ya milima. Basi ni ya watu wa mbali. Mumenisaidia sana."

"Mukubwa, hapana." Olive alisogea mpaka kijana akamzuia kwa kitako cha bunduki, bila nguvu, kama anavyozuiwa mbuzi. "Hapana, tulikuja kuonyesha kama haiko ya mutu yeyote."

"Ndivyo bamesema."

"Haiko ya mutu yeyote duniani, mukubwa."

"Dunia, miye siijue yote. Na weye hauijue." Komanda alijifuta vidole. "Sikiliza, dada. Sina haja na mutoto wa mutu. Milima iko mingi, na kuko bijiji sijafika. Kama kuko kijiji, hata cha nyumba tano, kinaongea hivi, mutu wa pale atoke aseme: ni yetu. Nitaandika jina la kijiji na nitamupa mutoto wake, aende naye. Banaokana kwa sababu ya woga niko nabajua, iko kila siku. Mutu anaweza kubadilisha neno lake mbele lori haijafika." Alimgeukia kijana mwenye kalamu. "Acha nafasi pale."

Kijana akaacha nafasi.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa nafasi ile ni nini. Kijiji kikiandikwa kwenye bariere, hakifutiki. Kesho au wiki ijayo mtu wa kijiji hicho anapita na karte yake, anasomwa, anaambiwa asimame pembeni. Yeye, na mjomba wake, na kila aliyezaliwa karibu na pale.

Mama Kasoki alimshika Olive bega. Alikuwa analia bila sauti. "Nisamehe, mutoto wangu. Niko na batoto kwa nyumba, akina Kamate, bananingojea." Akageuka akaenda, vitunguu vikimgonga mgongoni, na alipofika mbali kidogo akaanza kukimbia.

Muzee Éphraïm hakwenda. Alibaki kwenye kiti alichopewa, kofia magotini, anaangalia lami kwenye vidole vyake. "Miye bananijua hapa, Olive," alisema polepole. "Nimetengeneza mitumbwi yabo. Nikisema hii ni Kihunde, kila mutoto wa bunduki aliyezaliwa Sake atacheka kwanza, kisha anipige."

Alibaki mama Dancille.

Kilima chake kilikuwa juu kabisa, kule ambako malisho yanaingia msituni. Mwenyewe alikuwa akisema kwao ng'ombe ni wengi kuliko watu, na serikali hawajawahi kuiona ila kwenye picha. Hakuna kijana hata mmoja pale bariere aliyewahi kufika. Kama kungekuwa na mahali ambapo watu wachache, nyumba tano, wanaweza kuwa na lugha yao bila mtu kujua, ni pale. Olive aliona kwamba mama Dancille amekwishaona hivyo pia. Alikuwa amekiondoa kiganja chake mezani na kukificha ndani ya kitenge.

Na kutoka pale walipokuwa, chini upande wa Lac Vert, yalionekana mahema ya kambi, meupe yaliyochakaa, yakifuatana juu ya mawe meusi. Katika mojawapo alikuwa binti yake, Alliance, na watoto wa Alliance, waliokula asubuhi ile unga wa bibi yao. Karte ya Alliance ilikuwa na jina la kilima kilekile.

Lori lilisikika kabla ya kuonekana. Lilikuwa linatokea upande wa Mugunga, linabadilisha gia kwenye mteremko, na vijana wakaanza kufungua kibanda. Walitolewa watu wengine ambao Olive hakuwajua, wakapangwa nyuma ya Jephté. Jephté hakuangalia lori. Alikuwa anaangalia miguu yake, kama wakati ule wa Kibati alipokuwa mdogo na Olive anamvuta barabarani na anamwambia usiangalie nyuma, angalia miguu yako, hesabu mawe.

Olive alimkaribia mama Dancille. Alitaka kumwambia mambo mengi. Alitaka kumwambia kwamba anajua kuhusu Alliance, kwamba hana haki ya kuomba, kwamba mtu mwenye akili asingeomba. Alitaka kumkumbusha ule mwaka wa kwanza, blanketi walilolalia pamoja wote watatu kwenye veranda ya kanisa, Jephté katikati. Lakini komanda alikuwa anasikiliza. Neno lolote la Kiswahili lingeeleweka kwa kila mtu pale. Kwa Kihunde, Kinyarwanda au Kinande lingeeleweka kwa mmoja wao.

Kulikuwa na lugha moja tu pale ambayo yeye na mama Dancille waliijua na wenye bunduki hawakuijua. Mama Dancille alikuwa amelibeba kila neno lake kwenye ulimi. Na mtu akijibu kwa lugha hiyo, mbele ya nafasi ile iliyoachwa, hatakuwa na haja ya kusema zaidi: kilima chake kitaandikwa.

Lori lilisimama. Mlango wa nyuma ukaangushwa, ukapiga kelele ya chuma.

Olive alikwenda akasimama kando ya mdogo wake. Aliinua mkono wake wenye magamba yaliyokauka, akauweka juu ya kichwa cha Jephté, kisha akauondoa, akaacha mahali pale wazi kwa mkono mwingine. Akamtazama mama Dancille machoni.

"Elgo vri?" aliuliza.

Komanda aligeuka. Kijana mwenye kalamu aliinua kichwa. Mama Dancille alikuwa anaangalia chini, kule kwenye mahema, midomo yake imefunguka kidogo kama anapoonja neno jipya, na mkono wake ulikuwa bado ndani ya kitenge.

"Mama," alisema Olive. "Elgo vri?"